Fundi Usiku-Upi

Jina hilo walimbandika kwa mzaha pale Kibokoni, nalo likamganda. Mtu akija dukani kutaka kisanduku cha kuwasha pampu ya maji, akasema, "Fundi, nataka kijiwashe chenyewe usiku wa Jumatatu," Taher huvua miwani akaiweka juu ya meza.

"Usiku upi?"

"Wa Jumatatu, fundi."

"Nimesikia. Wa kuamkia Jumatatu, au wa kuamkia Jumanne?"

Mteja hucheka, hujikuna kichwa, mwisho hutaja mmoja. Hapo Taher humpa karatasi aandike kwa mkono wake mwenyewe, kisha humuuliza ni nani hasa atakayekaa na hicho kisanduku. Akiambiwa ni mlinzi, au ni dada wa kazi, hakamati pasi ya kulehemu mpaka aletewe huyo mlinzi au huyo dada, naye aulizwe. Watu hukasirika, bwana! Mtu ana haraka zake, anahojiwa habari za usiku utadhani yuko mahakamani. Wakitoka nje husikika wakisema, "Twende zetu, huyu Fundi Usiku-Upi ana lake." Taher huwasikia, naye huvaa miwani yake akaendelea na kazi. Anayeijua sababu hawezi kucheka, na wanaoijua ni wachache.

Taher ni Bohora, Mwislamu wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa nyumba ileile anayofanyia kazi, duka chini, maskani juu. Baba yake alikuwa fundi wa saa, akamfundisha mwanawe kukaa kimya mbele ya kitu kilichoharibika, akitazame kwanza kabla ya kukitia bisibisi. Zilipoingia saa za betri, ambazo ni rahisi kununua mpya kuliko kutengeneza, mzee alifunga droo zake na hakuishi sana. Taher akahamia kwenye redio, kutoka redio akaingia televisheni, na miaka ya themanini ikielekea kuisha akaagiza vitabu Bombay vya kumfundisha habari za chipu, vile vidude vyeusi vyenye miguu, unavyoweza kuviandikia maagizo vikayashika na kuyatenda vyenyewe mchana na usiku. Batul, mkewe, alichoka naye. "Ungeoa mke wa pili ningejua la kusema," alimwambia. "Kitabu nitakigombeza vipi?"

Chipu za siku zile zilikuwa na kijidirisha cha kioo mgongoni. Ukikosea maagizo, unazianika juani siku kadhaa mpaka zisahau, ndipo uandike upya. Taher alizianika juu ya paa, na juu ya paa ndipo Batul alipoanika maembe yake ya achari. Mtaa mzima ulisikia, "Taher! Njoo uondoe wadudu wako kwenye maembe yangu!" Siku hizo kicheko kilikuwepo ndani ya nyumba ile.

Kazi ilimfunza kanuni, naye alizitoa bure kwa yeyote aliyesimama mlangoni. Pima umeme kwanza, ndipo ulaumu kitu kingine. Geuza kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, maana ukigeuza viwili mashine ikapona, hujui dawa ilikuwa ipi. Kila kisanduku alikitia taa ndogo nyekundu inayopepesa, akaiita taa ya roho; ikiacha kupepesa, ujue akili ya mashine imesimama hata kama umeme upo. Na kanuni ya mwisho, aliyoipenda kuliko zote, na laiti asingaliipenda hivyo, ni kwamba mashine haisemi uongo. Inatenda ilichoambiwa, haizidishi wala haipunguzi.

Mwaka wa tisini na tatu aliitwa na Kaizar, mfanyabiashara wa samaki, Bohora mwenzake, aliyekuwa na stoo ya baridi upande wa Liwatoni. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Stoo ikifanya kazi juma zima, mabomba yake huvaa barafu, na yakishavaa barafu baridi haipiti sawasawa. Basi mara moja kwa juma lazima baridi izimwe na hita ziwashwe kwa saa kadhaa, ile barafu iyeyuke. Kabla ya hapo samaki wote hutolewa wakalazwa kwenye makasha ya barafu nje ya chumba. Kaizar alitaka mashine izime na kuwasha yenyewe, asimkeshe mtu.

"Siku gani?" Taher aliuliza.

"Usiku wa Ijumaa. Saa tatu mpaka saa tisa."

Taher akaandika kwenye daftari lake: usiku wa Ijumaa, saa tatu mpaka saa tisa. Hakuuliza zaidi. Aulize nini tena?

Mtunzaji wa stoo alikuwa Kahindi, Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo, mtu mrefu wa maneno machache. Majuma matatu Taher alipokuwa akifunga waya, Kahindi ndiye aliyemshikia tochi. Mchana walikaa kwenye kreti zilizopinduliwa, wakala mbaazi na mahamri katika sahani moja. Na Kahindi alikuwa na sikio, lo!

"Fundi, sikiliza," alisema siku moja, kiganja chake juu ya kompresa, mtambo unaosukuma baridi. "Inakohoa."

"Mita yasema iko sawa."

"Mita haina masikio."

Walipofungua wakakuta boliti imelegea inagongagonga. Taher alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo akamwita daktari, akamfundisha kanuni zake zote, na Kahindi akazishika moyoni kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha kitu tangu alipotoka shule ya misheni. Jumanne kazi ilikwisha. Kaizar alimwambia Kahindi pale mlangoni, "Usiku wa Ijumaa, saa tatu. Kabla hujafunga jioni, samaki wote watoke." Kahindi akajibu, "Sawa, tajiri." Taa ya roho ikawa inapepesa, na watu watatu wakaagana kwa furaha.

Jumatatu iliyofuata samaki walirudishwa. Hoteli moja ilikuwa imewapokea Jumamosi, na walipofunguliwa, harufu iliwatoa wapishi jikoni. Walikuwa wameyeyuka wakagandishwa tena. Kaizar akawaita Taher na Kahindi akasimama baina yao.

"Mashine yako iliyeyusha lini?"

"Usiku wa Ijumaa, kama ulivyosema," Taher akajibu. Alikwisha kuipima asubuhi ile. Aliisogeza saa yake mbele, akaiona ikizima na kuwasha kwa wakati wake barabara.

"Na wewe, usiku wa Ijumaa uliwatoa samaki?"

"Niliwatoa wote, tajiri. Mungu ni shahidi wangu."

"Wameozaje?"

"Sijui. Lakini asubuhi ya Ijumaa nilipofungua niliona barafu sakafuni, mpya, kama maji yamemwagika yakaganda. Samaki walikuwa humo ndani, wagumu, nami nikadhani..."

"Si hayo basi!" Kaizar alimkata. "Asubuhi ya Ijumaa barafu sakafuni, na samaki wamo ndani! Mwenyewe umesema."

"Tajiri, ngoja nikueleze..."

"Nyamaza! Umesema mwenyewe."

Kahindi akamgeukia Taher. "Fundi, wewe wanijua. Mwambie."

Taher alimpenda mtu yule. Lakini aliulizwa habari za mashine, na mashine aliijua zaidi. "Nimeipima," akasema huku akitazama chini. "Haikukosea."

Basi. Kahindi alifukuzwa siku ileile, na barua yake ikaandikwa neno uzembe. Kaizar akamweka mpwa wake mahali pake, na kwa miaka mitano hakuna samaki hata mmoja aliyeharibika. Kila mwaka uliopita bila kosa ulizidi kumhukumu Kahindi, hata Taher mwenyewe akaacha kujiuliza.

Hakuna stoo nyingine iliyomtaka mtu mwenye barua ile. Alibeba mizigo, akachimba mitaro, mwisho akaishia Kibarani, kwenye jaa la taka, akichakura shaba na vyuma katikati ya moshi. Taher alisikia. Aliona vibaya, na hakwenda kumtazama, kwa sababu hakujua atamwambia nini mtu ambaye yeye ndiye aliyemtolea ushahidi.

Ikawa mwaka wa tisini na sita, mwanamke mmoja mshonaji, Mercy kwa jina, akaanza kumletea vifaa vya kuuza. Vilikuwa vimefungwa kwenye gazeti, vimepangwa kwa ukubwa, kila chipu miguu yake imenyooka, hakuna hata mmoja uliopinda. Taher hajapata kuona kitu cha jaani kimeokotwa hivyo.

"Anayeokota ni nani?" aliuliza. "Mwambie yeye ni fundi."

"Nitamwambia," Mercy alijibu, akaondoka haraka.

Miaka miwili akawa anakuja na kwenda. Jumanne moja ya mwaka wa tisini na nane alikuja mikono mitupu.

"Shikamoo, Mzee Taher."

"Marahaba, binti yangu. Leo huna kitu?"

"Leo nina maneno. Mimi ni bintiye Kahindi. Yule wa stoo ya baridi." Akangoja kidogo. "Baba mapafu yamekwisha kwa moshi. Daktari ametwambia tusiwe na matumaini makubwa. Watu wa kanisa watakuja kumwombea usiku wa Ijumaa, naye amesema nawe uje. Ana swali moja. Anataka umwambie, kabla hajaenda, kama mashine yaweza kukosea."

Taher aliitikia kwa kichwa kwamba atakuja, na Batul alipomuuliza huko juu nyumbani kwa nini hali chakula, akasema hana njaa.

Siku ilipofika alifunga duka, akasali magharibi, akashika njia ya Makupa. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, cha mabati, na harufu ya jaa ilikuwa imeingia mpaka kwenye mapazia. Alitazamia kukuta viatu vingi mlangoni na watu wakiimba. Hakukuta mtu. Mercy alikuwa bado kazini kwake. Mlango uko wazi, na Kahindi yuko kitandani peke yake, ameegemezwa kwa mito miwili, amebaki mifupa.

"Fundi!" alisema, na uso wake ukafurahi kabla hajakumbuka kukasirika. "Mbona leo?"

"Niliambiwa usiku wa Ijumaa."

"Ndiyo. Kesho."

"Kesho ni usiku wa Jumamosi, Kahindi. Usiku wa Ijumaa ndio huu."

"Leo Alhamisi, fundi."

"Mchana ndio uliokuwa Alhamisi. Jua limezama, magharibi imesaliwa. Tumekwisha kuingia Ijumaa."

Taher alibaki na mkono wake juu ya mwimo wa mlango. Kwao akina Taher na Kaizar, na yule mpwa aliyeshika stoo baadaye, siku huanza jua likizama. Usiku hutangulia na mchana wake hufuata, ndivyo walivyolelewa na ndivyo wanavyosema, tangu mababu. Kahindi alifundishwa siku na kalenda ya ukutani pale misheni, mchana kwanza, kisha usiku wake. Miaka yote wameishi mji mmoja, wakasalimiana na kula pamoja, kila mmoja na usiku wake, na hakuna aliyejua kwamba wanatumia neno moja kwa siku mbili.

Kahindi ndiye aliyeng'amua kwanza, yule mwenye sikio.

"Fundi. Mashine ile uliiambia nini?"

Taher aliuachia mwimo wa mlango. "Alhamisi," akasema. "Kwa hesabu yako, Alhamisi usiku, saa tatu."

"Mimi niliwatoa Ijumaa jioni."

"Najua."

"Ijumaa jioni, baada ya kazi. Niliwabeba mmoja mmoja, nguru wale wakubwa. Mikono ilikufa ganzi."

"Najua, ndugu yangu. Sasa najua. Uliwatoa siku moja baada ya kuharibika. Ile barafu uliyoiona asubuhi ndiyo iliyokuwa ushahidi wako, nasi tukaifanya ushahidi wa kukufunga."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda na akalia waziwazi, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu. Kahindi alimwacha alie. Yeye mwenyewe macho yake yalikuwa makavu, yanatazama mabati ya juu.

"Kwa hiyo sikusahau," alisema.

"Hukusahau."

"Mwaka wa kwanza nilijua sikusahau. Wa pili nikajua. Lakini ile stoo ikaendelea vizuri, kila mtu akasema yaendelea vizuri. Mwaka wa tatu nikaanza kuona pengine niliota. Pengine wale nguru niliwabeba juma jingine." Kikohozi kikamkamata, Taher akamshikia kikombe cha maji. "Mke wangu alipokuwa anakufa aliniuliza. Nikamwambia, mama Mercy, huenda nilisahau kweli. Akanisamehe. Alikufa amenisamehe kosa ambalo sikulifanya."

Taher alikiweka kikombe chini. Kisha akasema, "Majuma matatu tulikula sahani moja, na sikukuuliza. Wewe ndiwe uliyepaswa kukaa na mashine. Nilimuuliza tajiri, asiyewahi hata kufungua ule mlango kwa mkono wake. Nilipima waya zote, neno sikulipima."

"Na swali langu umelijibu," Kahindi akasema. "Mashine haikukosea."

"Nilikosea mimi."

"Haya. Basi kesho njoo uyaseme hayo mbele ya watu. Watakuwepo wa Liwatoni, wale walionicheka. Nataka niwatazame nyuso zao." Akamshika mkono, akacheka kicheko kidogo kilichomuumiza kifua. "Njoo usiku wa Ijumaa. Ule wangu, si ule wako."

"Ule wako," Taher akasema. "Wallahi, ule wako."

Ijumaa asubuhi alikuwa kwa Kaizar. Kaizar kwanza alibisha: usiku wa Ijumaa ni usiku wa Ijumaa, kila mtu ajua! Taher akamwambia awaite wapakuzi wawili waliokuwa uani, awaulize mmoja mmoja. Wa kwanza akasema ni jana. Wa pili, kijana wa Rabai, akasema ni leo. Kaizar akavuta kiti akakaa. Si mtu mbaya yule, ni mtu wa haraka tu. Aliandika barua kwa mkono wake, kwamba Kahindi alitimiza kazi yake kama alivyoagizwa, kosa lilikuwa la agizo, na neno uzembe amelifuta. Akaipiga muhuri akamkabidhi Taher kabla ya adhana ya adhuhuri.

Taher alirudi nyumbani na barua mfukoni. Batul, aliyekwisha kuhadithiwa yote, alimwekea chakula na kumwambia, "Si umpelekee sasa hivi? Mgonjwa yule."

"Ameniambia usiku."

"Taher, barua unayo mkononi!"

"Ameniambia usiku, Batul, mbele ya watu. Nimeshamharibia mara moja kwa kufuata hesabu yangu. Leo nafuata yake."

Akala, akaoga, akavaa kanzu safi na kofia yake ya ukingo wa dhahabu. Alikaa dukani mlango umefungwa, barua juu ya meza, akiisoma na kuikunja upya. Jua lilipozama alisali, akaondoka.

Kutoka mbali aliona viatu mlangoni, vingi, mpaka njiani. Akasikia kuimba, na moyo wake ukatulia kwamba safari hii amefika wakati wake. Alipokaribia ndipo alipoona turubai limetandikwa na wanawake wamejifunga leso viunoni. Kahindi alikuwa amekufa saa tisa alasiri.

Walimpisha akaingia. Wazee wa Liwatoni walikuwa wameketi kwenye benchi, na Taher akasimama mbele yao akaisoma ile barua yote, kisha akaeleza kosa lake tangu mwanzo, daftari lake likiwa wazi mkononi, wazi kwenye ukurasa ule wa mwaka wa tisini na tatu. Mmoja wa wazee akainamisha kichwa. Mwingine akasema taratibu, "Masikini Kahindi."

Mercy akaja kuipokea barua. Aliutazama muhuri wake, akaitazama tarehe.

"Uliipata lini, mzee?"

"Mchana. Kabla ya adhuhuri."

Mercy aliikunja akaitia kifuani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo Taher analolikumbuka mpaka leo. "Tangu adhuhuri alikuwa akiniuliza, fundi amefika? Nikitoka nje, nikirudi, fundi amefika? Nikamwambia, baba, si ulimwambia usiku."

"Ndiyo," Taher akasema. "Aliniambia usiku."

Na yeye alikuwa ametenda alichoambiwa, hakuzidisha wala hakupunguza.